Mshahara wa Mjerumani, kazi ya Mgiriki: sarafu moja inavyofunga pamoja mishahara ya nchi nyingi

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, habari ya sarafu moja ya jumuiya haikosi kwenye mazungumzo ya Lubumbashi, kuanzia kwenye meza za wabadilishaji pesa mpaka ndani ya mabasi ya wafanyakazi wa migodi. Itifaki yake ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Lengo la kwanza lilikuwa mwaka 2024, na sasa unatajwa mwaka 2031. Kila habari hiyo ikizuka, husikika kauli mbili. Mmoja husema: "Tukitumia pesa moja na Wakenya, mishahara nayo italingana." Mwingine hujibu: "Mshahara wa Nairobi unanihusu nini mimi wa Kamalondo?"

Wote wawili wamekosea, na kosa la wa pili ndilo zito. Sarafu moja hailinganishi mishahara, ila inaifunga pamoja. Wakikubaliana sendika, yaani vyama vya wafanyakazi, na waajiri katika nchi moja, makubaliano yao yanaweza kuwaondolea watu kazi katika nchi nyingine ambayo haikuwa hata na kiti kwenye meza hiyo. Haya yamekwisha kutokea katika nchi zinazotumia euro, na inafaa tuyafuate hatua kwa hatua.

Tuanze na maneno yenyewe. Majadiliano ya mishahara ni yale mazungumzo ambayo sendika na waajiri hufanya ili kupanga nyongeza ya mwaka au miaka miwili ijayo. Kwetu huishia kwenye mkataba wa pamoja, ule ambao maofisini wengi huuita kwa Kifaransa convention collective. Tija ni kiasi cha kazi anachotoa mtu kwa saa au kwa siku. Ukigawa mshahara kwa tija unapata gharama ya kazi kwa kila kitu kinachotoka. Namba hii ya tatu ndiyo inayoamua mambo, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Chukua tanuru mbili za matofali, moja barabara ya Kasapa, nyingine barabara ya Kipushi. Kule Kasapa, tuseme, fundi analipwa franka 10,000 kwa siku na anafyatua matofali 200. Kila tofali limebeba franka 50 za mshahara. Kule Kipushi fundi analipwa franka 16,000, lakini tajiri wake amenunua kalibu ya chuma inayotoa matofali kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo anafyatua 400. Tofali lake limebeba franka 40. Anayelipwa zaidi ndiye mwenye tofali la bei nafuu. Ndiyo maana si kweli kwamba nchi yenye mishahara mikubwa hushindwa sokoni. Nchi hushindwa pale mshahara unapoiacha tija nyuma, au pale jirani anapoacha tija yake ikimbie huku mshahara umesimama.

Sasa tuseme kila tanuru ina pesa yake. Kasapa ikikosa wanunuzi, pesa yake inashuka thamani kwa asilimia 20, na mnunuzi wa nje anaona tofali la 50 limekuwa la 40. Hakuna fundi aliyeitwa ofisini kupunguziwa mshahara, ingawa wote wameumia kidogo kwa sababu saruji na mafuta ya kutoka nje vimepanda. Sisi tunalifahamu hilo vizuri. Mshahara wa chini kabisa wa Kongo, SMIG, uliwekwa franka 7,075 kwa siku mwaka 2018, wakati huo zikiwa zaidi kidogo ya dola 4. Mpaka mapema mwaka 2025 franka zile zile 7,075 zilikuwa zimebaki kama dola 2 na nusu. Hakuna aliyesaini punguzo hilo. Lilifanywa na bei ya dola.

Zikitumia pesa moja, mlango huo hufungwa. Kasapa inabaki na njia tatu tu za kulifikia tofali la franka 40: kushusha mshahara kutoka 10,000 hadi 8,000, kufyatua matofali 250 kwa mshahara ule ule, au kufukuza watu na kungoja. Kuongeza tija huchukua miaka, maana kunataka mashine, mafunzo, umeme usiokatika. Kushusha mshahara huleta mgomo. Basi mara nyingi inayotangulia ni ile ya tatu, ukosefu wa kazi.

Euro ilianza tarehe 1 Januari 1999 na nchi 11, Ugiriki ikaingia mwaka 2001, noti na sarafu zikafika mikononi mwa watu Januari 2002. Benki Kuu ya Ulaya, yenye makao Frankfurt, ilijiwekea lengo kwamba bei zisipande zaidi ya karibu asilimia 2 kwa mwaka. Kutokana na lengo hilo hupatikana kanuni ya mishahara ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote wa euro, lakini hesabu yake ni nyepesi. Nchi ambayo tija yake inapanda asilimia 2 inaweza kuongeza mishahara asilimia 4, na gharama ya kazi kwa kila kitu itapanda takriban asilimia 2, sawasawa na lengo la bei. Nchi ambayo tija yake inapanda asilimia 1 iongeze 3. Kila mmoja aongeze kwa kadiri ya tija yake, na wote watabaki sambamba hata kama mishahara yao haifanani.

Hebu tuwaweke wanachama watatu barabarani kwa miaka kumi, gharama ya kazi ya kila mmoja ikianzia 100. Wa kwanza anafuata kanuni, gharama yake inapanda asilimia 2 kila mwaka, na anafika 122. Wa pili amejiachia kidogo, asilimia 3 kila mwaka, anafika 134. Wa tatu amebana mishahara mpaka gharama yake haikusogea kabisa, na bado yuko 100. Mwisho wa safari, kati ya wa pili na wa tatu kuna pengo la 34. Watu wote watamnyooshea kidole wa pili: mtumiaji ovyo, mvivu. Lakini pima kutoka kwenye kanuni yenyewe. Wa pili ameipita kwa 12, na wa tatu amebaki chini yake kwa 22. Sehemu kubwa ya pengo imetengenezwa na yule anayesifiwa. Hicho ndicho kiini cha jambo lote, na ndicho kinachosemwa kwa nadra mno katika habari za Ulaya zinazotufikia.

Wa tatu huyo si mfano wa kubuni tu. Kati ya mwaka 1999 na 2008 gharama ya kazi kwa kila kitu nchini Ujerumani karibu haikupanda, wakati Uhispania, Ugiriki, Ureno na Italia ilipanda kwa kiasi cha robo au zaidi.

Wengi hudhani serikali ya Ujerumani iliamuru hivyo. Haikuamuru, na isingeweza. Katiba yao inawaachia sendika na waajiri kupanga mishahara wenyewe, na hadi mwisho wa mwaka 2014 nchi ile haikuwa hata na mshahara wa chini wa taifa zima. Sendika kubwa ya viwanda vya chuma na magari, IG Metall, hujadiliana mkoa kwa mkoa. Mara nyingi huanza na Baden-Württemberg, penye viwanda vya nguvu, kisha mikoa mingine hunakili. Kabla ya euro, benki kuu ya nchi, Bundesbank, ilikuwa ikiitazama meza hiyo kwa makini. Sendika ikivuta sana, riba ilipanda na kazi zilipungua, hivyo kila upande ulijua mwenzake atajibu nini. Baada ya 1999 riba ikawa inapangwa kwa kutazama nchi zote, na kule kuchungana kukalegea.

Kilichoibana mishahara ni hofu. Baada ya nchi kuungana mwaka 1990, ukosefu wa kazi ulipanda mpaka mapema mwaka 2005 watu zaidi ya milioni 5 walikuwa hawana kazi. Poland, Czech na Hungary zilikuwa karibu, na mafundi wake walikuwa hodari na wa bei nafuu. Mwajiri aliweza kusema mezani: mkubali, au mashine zinahama. Mwaka 2004, kwenye viwanda viwili vya simu vya Siemens, vya Bocholt na Kamp-Lintfort, wafanyakazi walikubali kurudi kwenye saa 40 kwa wiki bila nyongeza ya malipo. Mwaka huo huo makubaliano ya Pforzheim yaliruhusu kampuni za chuma kwenda chini ya mkataba wa mkoa endapo sendika itaridhia kwamba kazi zitaokolewa. Juu ya hayo, marekebisho ya Kansela Gerhard Schröder, yaliyotangazwa Machi 2003, yalipunguza msaada kwa waliokaa muda mrefu bila kazi, na mtu aliyeogopa kuuangukia msaada huo alikubali mshahara wowote.

Isidhaniwe kwamba aliyeumia zaidi ni fundi wa magari. Mkataba wake ulishikilia kwa kiasi kizuri. Walioachwa nyuma ni wasafishaji, wahudumu wa hoteli, walinzi, madereva, wachinjaji, watu ambao sendika zao zilikuwa dhaifu au hawakuwa nazo kabisa. Lakini kiwanda cha magari nacho hununua usafi, ulinzi na usafirishaji, kwa hiyo mshahara mdogo wa dereva wa lori uliingia ndani ya bei ya gari lililouzwa Madrid.

Madhara yalivuka mipaka kwa njia tatu, na zinafaa kutenganishwa.

Ya kwanza ni bei. Kiwanda cha Italia kinachotengeneza mashine inayofanana na ya Ujerumani kilipoteza wanunuzi kidogo kidogo. Zamani Italia ingeiacha lira ishuke, kama ilivyotokea Septemba 1992. Sasa lira haikuwepo.

Ya pili ni manunuzi. Mjerumani ambaye mshahara wake haukuongezeka hakuongeza safari za mapumziko Ugiriki wala hakununua viatu zaidi vya Ureno. Mshahara ni gharama kwa mwajiri, lakini kwa mwenye duka ni mteja. Ukiubana katika nchi iliyo kubwa kuliko zote ndani ya sarafu, umewapunguzia wateja wanachama wengine wote.

Ya tatu ndiyo ngumu kuiona, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoangusha nyumba. Riba ilikuwa moja kwa wote. Tangu Juni 2003 hadi Desemba 2005 Benki Kuu ya Ulaya iliiweka kwenye asilimia 2. Uhispania bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 3 na zaidi, maana yake aliyekopa alirudisha pesa yenye thamani ndogo kuliko ile aliyochukua. Kukopa kulikuwa faida tupu, na watu wakajenga nyumba juu ya nyumba. Ujerumani, ambako bei zilipanda polepole kwa sababu mishahara ilisimama, riba ile ile ilikuwa nzito na hakuna aliyetaka kukopa. Akiba za Wajerumani zikapita kwenye mabenki na kwenda kukopeshwa Uhispania na Ireland. Pesa hizo zilipandisha mishahara ya mafundi ujenzi kule, pengo likazidi kupanuka, na kila mwaka liliongeza nguvu ya mwaka uliofuata. Wapo wachumi wanaosema mikopo hii ilikuwa na uzito kuliko mishahara yenyewe, na kwamba mauzo ya mashine za Ujerumani yalipanda kwa sababu China ilizihitaji. Wana sehemu ya ukweli. Mgiriki hatengenezi mashine za aina ile, na hakunyang'anywa soko hilo. Lakini mikopo isingekimbilia kusini kwa kasi ile kama mishahara ya kaskazini isingalikuwa imelala.

Mikopo ilipokauka baada ya mwaka 2008, kusini walibaki na njia zile tatu za Kasapa. Ugiriki, ikisukumwa na wakopeshaji wake, ilikata mshahara wa chini Februari 2012 kwa asilimia 22, kutoka euro 751 hadi 586 kwa mwezi, na kwa vijana walio chini ya miaka 25 asilimia 32. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi ya Ugiriki na ya Uhispania haikuwa na kazi.

Kwa nini dawa hiyo iliua wengi hivyo? Kwa sababu mshahara ukikatwa, deni halikatwi. Mtu anayelipwa euro 1,000 na anayelipa benki 500 kwa mwezi kwa ajili ya nyumba ametumia nusu ya mshahara. Mpunguzie mshahara asilimia 20: anabaki na 800, deni ni lile lile 500, sasa ni asilimia 62 na nusu. Iliyobaki ya kula, nauli na shule imeshuka kutoka 500 hadi 300. Anaacha kununua, muuza duka anafukuza mhudumu, serikali inakusanya kodi kidogo. Pesa ya nchi inaposhuka thamani, deni la ndani linashuka nayo. Mshahara unaposhuka peke yake, deni linabaki kusimama pale pale.

Yupo mwanachama mmoja aliyeliona jambo hili mapema, na sisi tunamfahamu: Ubelgiji. Tarehe 26 Julai 1996, kabla hata euro haijazaliwa, bunge lake lilipitisha sheria ya kuchunga mishahara kwa kuitazama ya majirani watatu, Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi. Inafanya kazi hivi. Kila miaka miwili Baraza Kuu la Uchumi linakadiria mishahara itapanda kiasi gani kwa majirani hao. Linatoa humo nyongeza ambayo Wabelgiji watapata wenyewe kwa sababu ya bei, maana kule mishahara hupanda yenyewe bei zikipanda. Kinachobaki, baada ya kusahihisha pengo la nyuma, ndicho kikomo ambacho sendika na waajiri hawaruhusiwi kukipita. Januari 2023, baada ya bei za gesi kulipuka, maelfu ya watu wa maofisini walipata asilimia 11.08 kwa mara moja. Na kikomo cha nyongeza juu ya hapo kwa miaka ya 2023 na 2024 kikawa sifuri. Mwenye ndugu Bruxelles anayefanya kazi ofisini anaweza kumuuliza; mshahara wake unaanza kuhesabiwa kwenye meza za Ujerumani.

Udhaifu wa njia hiyo uko wazi. Kama jirani mkubwa anabana kupita kiasi, anayemfuata naye anabana, na wote wanateremka. Sendika za Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na Ujerumani zililitambua hilo, zikakutana mji wa Doorn, Uholanzi, Septemba 1998, na kukubaliana kwamba kila moja idai nyongeza inayojumlisha kupanda kwa bei na kupanda kwa tija, asiwepo wa kumuuza mwenzake. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote yaliyotolewa. Lilikosa meno, kwa sababu hofu ya kukosa kazi nyumbani ilikuwa na nguvu kuliko ahadi ya Doorn. Umoja wa Ulaya ulikuja kuweka vipimo baada ya msiba, mwaka 2011. Nchi ya euro ambayo gharama yake ya kazi imepanda zaidi ya asilimia 9 kwa miaka mitatu huchunguzwa. Anayebana hana kipimo kama hicho cha moja kwa moja. Hunaswa kwa mlango wa pembeni, ziada yake ya biashara na nje ikizidi asilimia 6 ya pato la taifa. Ujerumani iliipita ziada hiyo kwa miaka mingi bila kutozwa faini. Mshahara wake wa chini ulikuja tarehe 1 Januari 2015, euro 8.50 kwa saa, ukafika euro 12 mwezi Oktoba 2022.

Turudi Lubumbashi. Wapo wanaosema sisi tayari tunaishi na sarafu ya kigeni, dola, na hatujafa. Ni kweli kwamba wa mgodini analipwa dola na mkopo wa benki unaandikwa dola. Lakini franka bado ipo kama mlango wa kutokea, ingawa ni mlango unaowaumiza wanaolipwa kwa franka. Tena dola inatufunga bila kutupa sauti. Mwaka 2022 na 2023 bei na mishahara ya Marekani ilipopanda kwa kasi, benki kuu ya kule ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na dola za kukopa zikawa ghali dunia nzima. Gavana wa benki kuu ya Kongo hana kiti Washington. Ndani ya euro, gavana wa benki kuu ya kila nchi mwanachama anakaa kwenye baraza la Frankfurt, na hata hivyo yametokea yaliyotokea.

Vigezo vikuu vya kuingia katika sarafu ya Afrika Mashariki ni vinne: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, upungufu wa bajeti usizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la serikali lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kununua bidhaa za nje kwa miezi 4 na nusu. Vyote vina maana, lakini hakuna hata kimoja kinachopima mshahara dhidi ya tija. Uhispania ya mwaka 2007 ilikuwa na bajeti yenye ziada na deni la serikali dogo kuliko la Ujerumani, na bado ilianguka.

Kweli, kwetu walio na mkataba wa kazi ni wachache. Mchimbaji wa mkono na mama wa sokoni hawana meza ya kujadiliana. Hiyo haituokoi, inahamisha tu mahali pa kutazama. Mishahara inayoweza kuvuta bei za nchi nzima ni ya serikali, yaani walimu, askari na wauguzi, pamoja na ya kampuni kubwa za migodi. Kwa hiyo sendika zetu, zinapokaa na wenzao wa jumuiya, zidai mambo mawili kabla ya noti ya kwanza kuchapwa. Kwanza, kila nchi itangaze kila mwaka mishahara yake ya serikali na ya kampuni kubwa imepanda kiasi gani, na tija imepanda kiasi gani, kwa kipimo kimoja kwa wote. Pili, kipimo hicho kiwe na kengele mbili, moja inayolia mishahara ikizidi na moja inayolia ikibanwa, na zote mbili ziwe na adhabu ile ile.